Mkono Uliobaki Ndani ya Pijo

Mlima huu mzima, kuanzia hapa Kwembago hadi kule chini Soni, hakuna fundi wa magari anayenizidi. Nasema bila aibu. Waliokuwa wananizidi wamekufa wote, na aliyebaki hai ni mjukuu wangu Salha, ambaye ananizidi kweli, lakini ana miaka kumi na tano, kwa hiyo hahesabiwi.

Salha aliletwa kwangu na baba yake, mwanangu Hoza, baada ya kufukuzwa shule. Hakuiba wala hakumtukana mtu. Alimfungua mwalimu kichwa. Msishtuke, mwalimu mwenyewe alikuwa wa mashine, wale wanaosimama mbele ya darasa na kusema "vizuri sana" hata ukijibu upuuzi. Salha alitaka kujua hiyo "vizuri sana" inatokea wapi. Aliikuta, akaitoa, akashindwa kuirudisha. Kuanzia siku hiyo mwalimu akawa anawaambia watoto ukweli, na wazazi wakaandamana.

"Kaa naye, mama," Hoza akaniambia. "Mpe kazi ya mikono."

"Kazi ipo," nikasema, nikawaonyesha banda.

Bandani kulikuwa na gari, Pijo steshen la dizeli, lililonunuliwa na babu wa marehemu mume wangu, enzi zile watu wanachimba mafuta ardhini na kuyachoma bila kuona haya. Lilirithiwa, likarithiwa tena, mpaka likamfikia mume wangu, Kaoneka. Alipofariki nililisukumia humo, nikalifunika turubai, na kuku wakahamia. Walikuwa wanakaa kiti cha nyuma wakitazama mbele, kama abiria wanaomsubiri dereva.

Salha akafunua turubai. Kuku wakashuka wakilalamika. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, na hakukitoa upesi. Kule chini kuna sanduku la bati, jeusi, ukubwa wa mkate, lina nyaya nene zinazoshuka kwenye pedali na kupanda kwenye usukani.

"Bibi. Huu si Mkono?"

"Ni Mkono."

"Mkono wa babu? Babu yumo humu?"

Nilikuwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta.

"Mume wetu," nikamwambia, "hakuwa mtu wa kuondoka hivi hivi bila kuacha kitu."

Mtaona kwamba hilo si jibu. Lakini mtoto alilipokea kama jibu, na mimi sikumnyang'anya.

Hilo la "mume wetu" lisiwatatize. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Mtoto akizaliwa tu, babu anapewa hongera ya kupata mke mdogo, na bibi anaanza kumsema mwenzake siku hiyo hiyo, akiwa bado kwenye nepi. Salha alizaliwa mwaka mmoja baada ya Kaoneka kuzikwa. Kwa hiyo aliolewa na mtu ambaye hajawahi kumwona, lakini haki zake zote za utani alizidai.

"Amenisubiri mimi," akasema, akipapasa lile sanduku. "Wewe alishakuchoka."

"Muamshe basi. Ukishamsikia anavyokoroma utanirudishia mwenyewe."

*

Watoto wa leo wanapanda mayai tu, hawajui Mkono ni nini, kwa hiyo acha nieleze kwa elimu yangu ya darasa la saba.

Serikali ilipokataza watu kuendesha wenyewe, ililaza nyaya chini ya lami, na yale magari ya mviringo tunayoyaita mayai yakawa yanateleza juu yake bila dereva. Huku kwetu mlima ulizitapika nyaya. Kila masika udongo unaporomoka, nyaya zinaning'inia kwenye bonde kama tambi, na yai likifika hapo linasimama linaomba radhi kwa sauti nzuri. Ndipo wakawaacha madereva wa huku wenye leseni waendeshe, wakaleta Mikono. Sanduku linafungwa kwenye gari la zamani, linamsoma dereva: anavyokata kona, anavyoachia klachi, anavyobembeleza breki kwenye utelezi, hata anavyopiga honi. Linamsoma miaka. Akichoka au akifa, linaendesha kama yeye, kwenye njia alizopita yeye. Tena linajifunza kwa mtu mmoja tu, yule wa kwanza kulishikia usukani safari ndefu. Mwingine akikaa pale, sanduku linafumba macho, linamsubiri wake arudi. Ni kama kifaranga cha bata: aliyemwona kwanza ndiye mama.

Na Mkono wa Kaoneka ulikuwa na jina. Mume wangu alikuwa akishusha mboga sokoni alfajiri na kupandisha chanjo za zahanati, chupa za vioo, masika na kiangazi, barabara ikiwa imekatika nusu. Hakuvunja chupa hata moja. Watu wakiona mtu anabeba mayai ya kuku vizuri wanasema, "Huyo ana mkono wa Kaoneka." Ile kona mbaya ya juu ya mto mpaka leo inaitwa Kona ya Kaoneka, na kuna watu wamewapa watoto wao jina lake.

Basi siku ya pili, Salha akiwa bado amelala, niliingia bandani na bisibisi. Kwenye pedali tatu za Pijo kulikuwa na vipande vitatu vya mbao ya mninga, kila kimoja unene wa kiganja, vimefungwa kwa skrubu. Nikavifungua. Mimi nikikaa kwenye kile kiti bila hizo mbao, miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la zahanati. Kaoneka alikuwa mrefu, akiingia humo anajikunja kama kisu cha mfukoni. Yeye mbao za nini?

Mninga ni mti mzuri. Uliivisha maharage safi kabisa.

Sasa mnajua. Macho ya Kaoneka yaliingia ukungu kabla Mkono haujaletwa mlimani. Leseni ilikuwa yake, sifa ilikuwa yake, na njia alikuwa anaijua kwa pua. Mimi leseni sikuwa nayo, macho nilikuwa nayo. Tukagawana. Tulikuwa tukiondoka kabla hakujakucha, mimi kwenye usukani, yeye pembeni ananiambia "sasa, achia, sasa, shika," na magunia ya karoti yanasikiliza nyuma. Tukifika kwenye kalvati chini ya miti ya miwati, pale ambapo barabara inanyooka kuingia sokoni, tunabadilishana viti. Kutoka hapo aliingia mjini polepole kama bwana harusi, mkono mmoja dirishani, na mimi pembeni nimejitanda kanga nasema kwa midomo iliyofungwa, "kushoto kidogo, mume wangu, huyo ni mbuzi."

*

Tulilifanyia kazi gari lile mpaka mahindi yakakomaa.

Salha alikuwa chini ya gari, mimi nilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikitoa amri. Alitoa noza zote, zile za kupulizia dizeli kwenye injini, akaziloweka. Alikata gasketi mpya kutoka kwenye bati na karatasi ngumu, akifuata ile ya zamani huku ulimi umemtoka nje. Rejeta ilikuwa na kiota. Breki zilikuwa zimeshikana na magurudumu kama watu waliogombana na bado wanalala kitanda kimoja.

"Spana kumi na tatu," anasema, mkono unatokea chini ya bampa.

Namkabidhi.

"Hii ni kumi na nne, bibi."

"Nilitaka kuona kama uko macho."

Jioni ikifika sikuwa namwita kwa jina. Mimi sijawahi kumwita mtu kula kwa jina, napoteza sauti bure. Nagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko: ko-ko, kooo. Mbili za haraka, moja ndefu. Baba yake alikua kwa mlio huo. Kuku wenyewe wanaujua. Salha alikuwa anatoka chini ya gari amepakaa grisi hadi masikioni, ananawa, na kabla hajameza tonge la kwanza ameshauliza.

"Alikuwa anaongea sana?"

"Alikuwa ananiachia mimi."

"Alikuwa anacheka?"

"Kwa mabega. Sauti haitoki, mabega yanapanda na kushuka."

"Mimi pia nacheka hivyo!"

"Nimeona. Nilidhani una kwikwi."

"Alikuwa anakusaidia kupika?"

"Kaoneka? Hakuwahi kuvuka kizingiti cha jikoni maisha yake yote. Aliamini wali unaota humo humo sufuriani."

Akacheka kwa mabega. Halafu akawa anafuta sahani kwa kidole.

"Baba hanisimulii," akasema. "Nikimuuliza anasema babu alikuwa mtu mzuri. Mtu mzuri ndiyo nini? Kila marehemu ni mtu mzuri. Ila huu Mkono, bibi, huu hausimulii. Huu ni yeye mwenyewe. Nikikaa pale pembeni akate kona, ni kama amenichukua kunipeleka mahali. Si ndiyo?"

Nikamwongezea mchuzi. Mchuzi unasaidia pale maneno yanapokosekana.

Siku aliyosafisha pedali alinifuata jikoni.

"Pedali zina matundu. Zote tatu. Kulikuwa na kitu kimefungwa pale kwa skrubu."

"Panya," nikasema.

"Panya wanatoboa chuma?"

"Panya wa zamani walikuwa na bidii."

Alinitazama vile anavyotazama noza kabla ya kuipuliza. Akarudi bandani.

Injini ilipokuja kuwaka, iliwaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye karai za Mama Zuwena, jirani yetu anayekaanga maandazi. Pijo la dizeli halichagui chakula. Likakohoa, likatoa moshi mweupe, likatetemeka lote, na banda likanukia maandazi. Kaoneka angelia. Mimi sikulia, moshi uliniingia machoni. Chini ya dashibodi taa ndogo ya kijani ikafumbuka. Salha akainama, akasema kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Shikamoo, babu."

Usukani ukajitikisa kidogo, kulia, kushoto. Ndivyo Mkono unavyofanya ukiamka, unajaribu viungo. Mtoto akaniangalia, uso umefunguka wote.

"Ameitikia!"

Mimi nami kila nikikaa kwenye kiti kile nilikuwa natikisa usukani hivyo, kulia, kushoto, kuona kama umelegea. Nikasema, "Naam, ameitikia."

*

Amri ilitangazwa redioni wiki hiyo hiyo. Kisa chake kilikuwa mkoa mwingine, ambako Mkono wa marehemu uligonga kibanda cha mtu. Mwenye kibanda akashtaki. Mahakama ikamwita dereva mara tatu, na dereva, akiwa kaburini, hakuitika. Wakubwa wakaona hapana, barabarani lazima awepo mtu wa kujibu. Mkono wa aliye hai uandikishwe kwa jina lake, uendelee na kazi, na ukikosea ajibu yeye. Mkono wa aliyekufa uzimwe.

Na ukizimwa hauwashwi tena. Sanduku linakuwa mkate wa bati.

Mkaguzi aliyepanda kwetu aliitwa Sempombe, kijana mpole, viatu vimelowa matope kwa sababu yai lake lilimwomba radhi kule chini kwenye maporomoko akamalizia kwa miguu. Alikuwa na kifaa kidogo shingoni kinachosikiliza kila anachoambiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai. Umekuja kuua?"

Akaona haya. "Nimekuja kuzima tu, bibi. Kama ni wa marehemu. Kama mwenye Mkono yu hai, naandika jina lake, namchukua alama ya kidole hapa, gari linakuwa halali, naondoka zangu. Huku juu hata sisi tungefurahi. Zahanati yenu sasa hivi chanjo inapandishwa mgongoni, na chupa nusu zinafika zimepasuka."

"Ni wa babu yangu," Salha akasema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, amevaa koti la Kaoneka, lile la kahawia, na lilimtosha mikono sawasawa. "Yeye hakuvunja hata moja. Hamuwezi kumwacha? Mimi nitajibu kwa niaba yake. Mimi ni mkewe."

Sempombe akacheka, halafu akaona mtoto hatanii.

"Binti, ungekuwa Mkono wako ningekuelewa. Huwezi kumjibia mtu." Akanigeukia, akagusa kile kifaa. "Bibi, lazima nikuulize, kinasikiliza. Mkono huu ni wa nani?"

Hapo nataka mnielewe, maana kuna watu wananiona mjanja, na siku hiyo ujanja wangu wote ulikuwa umeenda sokoni.

Nikisema ni wangu, Pijo linabaki, chupa zinapanda salama, na mimi bibi wa darasa la saba naandikwa dereva. Leseni ya miaka ile nani ataniuliza leo, leseni zenyewe zimefutwa. Kwa hiyo kwangu hasara haikuwepo. Lakini Kaoneka angekuwa nani? Kipofu aliyekuwa akipunga mkono dirishani. Ile kona ingeitwaje? Na yule msichana aliyesimama mlangoni na koti, aliyelala chali kwenye matope miezi yote ile ili mtu mmoja aliyekosa kumwona amchukue kumpeleka mahali, ningemwambia nini? Kwamba yule aliyemwamkia ni mimi, na mimi ananiona kila siku na hata hana hamu?

Nikisema ni wa Kaoneka, anazimwa akiwa na heshima zake, na Salha anamzika babu yake vizuri, mara moja. Watu wengi hawapati hata hilo.

"Wa marehemu mume wangu," nikasema. "Kaoneka."

Kile kifaa kikalia kidogo. Kimeandika.

Salha hakulia. Akauliza, "Anaweza kunipeleka kwanza? Mara moja tu. Mpaka sokoni."

Sempombe akatazama matope yake, akatazama mtoto. "Mpaka sokoni. Na mimi nitakuwemo. Nitamzima tukifika."

Ndivyo nilivyokubali kwenda kwenye mazishi ya mkono wangu mwenyewe, na chai nikapika mimi.

*

Salha hakutaka mtu yeyote akae kiti cha dereva. Alivua lile koti, akalitandika pale, mikono ya koti akaielekeza kwenye usukani. Yeye akakaa pembeni. Mimi na Sempombe tukakaa nyuma na kuku mmoja aliyekataa kushuka.

Taa ya kijani ikafumbuka. Usukani ukajitikisa, kulia, kushoto. Pedali ya klachi ikazama yenyewe, gia ikaingia bila kelele, na Pijo likatoka bandani likinukia maandazi.

Sijui niwaelezeje kukaa nyuma na kujiona unaendesha mbele. Nilikuwa najua kila kitu sekunde moja kabla. Hapa patapunguzwa, pana jiwe. Hapa utaachia, ili gari lijishukie. Nyayo zangu zilikuwa zinakanyaga sakafu ndani ya kandambili, na nilizibana zitulie, zikakataa. Nilizeeka, nyinyi, lakini pale mbele sikuzeeka hata kidogo. Pale mbele nilikuwa na magoti mazima.

Tukafika Kona ya Kaoneka. Nusu ya barabara ilikuwa imeenda na maji. Sempombe akashika mlango kwa mikono miwili, akaanza kusoma dua. Gari likasogea ukingoni, likasita, gurudumu la nyuma likateleza kidogo, usukani ukarudi kinyume kwa upole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Tukapita. Birika la chai nililolibeba na kuliweka miguuni halikumwaga hata tone.

"Subhanallah," Sempombe akasema. "Huu ndio wa kuzimwa?"

Salha alikuwa ameuweka mkono wake juu ya mkono wa koti. "Asante, babu," akasema polepole, kwa ajili yao wawili tu.

Nikaangalia nje. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja, na nilikikumbuka tulipoanza kuona miwati.

Pijo likapunguza mwendo. Likaegesha kwenye kalvati, safi, matairi ya kushoto kwenye majani. Gia ikatoka. Injini ikabaki inanguruma. Mbele yetu barabara ilikuwa imenyooka, kavu, na bati za soko zinaonekana.

Tukakaa.

"Limeharibika?" Sempombe akauliza.

"Hapana," nikasema haraka. "Hapa marehemu alikuwa anapumzisha injini. Ilikuwa inachemka."

Salha akainama kutazama mshale wa joto. "Haijachemka."

"Enzi zile ilikuwa inachemka."

"Basi apumzishe, aendelee."

"Ataendelea. Alikuwa pia anashuka kuswali hapa. Alfajiri."

"Bibi, mbona soko lile pale, na msikiti uko pale pale sokoni?"

"Alipenda hewa."

Gari halikusogea. Na lisingesogea mpaka kesho. Zaidi ya kalvati ile Mkono haukuwa na njia. Kutoka pale kila safari alikuwa akikaa mtu mwingine, na sanduku lilikuwa linafumba macho.

Sempombe akavuta pumzi, akachukua kile kifaa. "Labda amefika mwisho, binti. Labda tumzime hapa hapa."

"Ngoja kidogo," Salha akasema. "Mpe muda."

Kaoneka alikuwa anachelewa kuzunguka gari. Alikuwa anapapasa boneti, taratibu, kwa sababu hakutaka kuonekana anapapasa, na wakati mwingine alikuwa anasimama kabisa kunusa miwati, na kunakucha, na mtu atatuona. Mimi sikuwa namwita kwa jina. Nimeshawaambia, simwiti mtu kwa jina.

Honi ya Pijo ikalia. Pi-pi, piii.

Kuku akanyanyua shingo, akasimama, akaanza kutafuta mlango.

Salha alikuwa ameganda. Honi ikasubiri, ikalia tena. Mbili za haraka, moja ndefu. Akageuka taratibu kwenye kiti. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, kisha macho yakashuka hadi kandambili zangu, ambazo zilikuwa bado zimekanyaga sakafu, moja kwenye breki isiyokuwepo, nyingine kwenye klachi isiyokuwepo.

"Bibi," akasema. "Hiyo ni sufuria."

"Sufuria gani tena?"

"Unavyoniita kula."

"Ah, huo mlio!" Nikacheka, na kicheko kikatoka chembamba. "Huo nilijifunza kwa mume wetu. Yeye ndiye alikuwa anaugonga jikoni, mimi nikamwiga."

"Babu hakuwahi kuvuka kizingiti cha jikoni," Salha akasema. "Alidhani wali unaota sufuriani. Umeniambia wewe."

Nikainama kuliweka sawa birika.

Salha akanyoosha mkono chini, akapapasa pedali, moja, ya pili, ya tatu, vidole vinaingia kwenye yale matundu. Nikaona mabega yake yanapanda. Nilidhani analia, nikasogea, halafu nikaona kwamba sijui kama analia au anacheka, na yeye pia alikuwa hajui. Akalichukua koti la Kaoneka kutoka kiti cha dereva, akalikunja vizuri, akalipakata.

Kiti kikabaki kitupu.

Sempombe alikuwa amekishusha kile kifaa mapajani. Kilikuwa bado kinasikiliza.

"Bibi yangu," akasema, "nitakuuliza tena, na safari hii jibu taratibu. Mkono huu ni wa nani?"

Nikafungua mdomo. Honi ikanitangulia.